Nissan Leaf ya mtumba kwa safari ya Goba–Posta: nikague nini kabla sijalipa?

BintiGoba:

Habari zenu wakuu. Naomba mwongozo wa wenye uzoefu na magari ya umeme.

Nimepanga Goba, kazi yangu iko Posta. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 50, na asubuhi nampitisha mtoto shule Makongo. Natumia IST. Hela ya mafuta karibu yote inaishia kwenye foleni ya Mwenge na Morocco: gari limesimama, AC inawaka kwa sababu ya joto, mshale wa mafuta unashuka tu.

Nikiuza IST na kuongeza akiba nitakuwa na milioni 22. Nimeona Nissan Leaf mbili kwenye yadi moja Kinondoni, zote nyeupe, ya 2013 na ya 2014. Ya 2013 imetembea kilomita 68,000 na dalali anaisifia sana. Anasema betri ni kama mpya, na kweli nimeviona vile vipande 12 vya pembeni ya dashibodi vinavyoonyesha afya ya betri vimejaa vyote. Ya 2014 ina vipande 10, imeshapita kilomita 90,000, na bei yake iko chini kidogo. Moyo wangu umeegemea ya 2013.

Nijibuni kama mnamjibu dada yenu. Niangalie nini? Na betri hizi zinadumu kwa joto la Dar?


Kimara_Mwisho:

Dada, mimi nakushauri ubaki na IST yako. Ndugu yangu alinunua gari la umeme, siku lilipowasha taa ya hitilafu alizunguka gereji tatu. Kila fundi akifungua boneti na kuziona zile waya za rangi ya chungwa anafunga na kusema hii siwezi. IST ikigoma leo usiku, kesho asubuhi spea iko Gerezani na fundi yuko mtaani kwako. Una mtoto wa kumpeleka shule, lifikirie hilo kabla hujauza gari unalolijua.


Fundi_Tegeta:

Dada BintiGoba, salama? Mimi ni fundi umeme wa majumbani. Leaf naendesha mwenyewe, na watu huniita niwakagulie kabla hawajalipa. Nitakuandikia kirefu, maana inaniuma mtu anapotoa akiba yake yote kwa kuhesabu vipande vya dashibodi.

Kwanza nimjibu ndugu yetu wa Kimara, maana hoja yake ni ya kweli. Zile waya za chungwa zinabeba volti karibu 400 betri ikiwa imejaa, na fundi anayeziogopa ana akili timamu. Ila tuangalie pia vitu ambavyo gari hili halina: oili ya injini, plagi, klachi, giaboksi ya kubadilisha gia. Shokapu, bushi, breki, beringi, hizo anakufanyia fundi yeyote wa mtaani. Na yale mataa ya ajabu yakiwaka ghafla, cha kwanza kupima ni betri ndogo ya volti 12, ile ya kawaida. Ikichoka, kompyuta za Leaf zinachanganyikiwa na kuonyesha hitilafu ambazo hazipo. Nimeona watu wameambiwa gari limekufa, kumbe ni betri hiyo tu.

Sasa tuje kwenye betri kubwa, kwa sababu hapo ndipo hela yako inapokwenda. Mwaka wa gari na kilomita havikwambii mengi. Unanunua betri, na gari linakuja nayo.

Leaf za kwanza zilitoka Desemba 2010 zikiwa na betri ya uniti 24, uniti hizihizi za LUKU. Za uniti 30 zilikuja mwishoni mwa 2015, na lile umbo jipya lenye 40 likaja 2017. Zako zote mbili ni za 24. Hata ikiwa mpya, betri hiyo haikupi 24 kamili. Inakupa kama 21 hivi, nyingine inabaki akiba ya kujilinda.

Kuhusu joto, umeuliza swali la msingi. Betri ya Leaf haina maji ya kuipoza wala feni. Imekaa kwenye sanduku lililofungwa chini ya viti, na joto likiingia linatoka polepole. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Arizona, Marekani, walipiga kelele kwamba vipande vinapotea mapema mno, na baadaye Nissan ikaiboresha betri ivumilie joto zaidi kuanzia modeli ya 2015. Dar si jangwa kama Arizona, lakini sisi hatuna baridi ya kuipumzisha betri miezi kadhaa kama ilivyozoea Japani. Kinachoiua haraka ni joto na kujaa kwa pamoja: gari limechajiwa asilimia 100 kisha likaachwa juani kutwa nzima. Ukiwa nalo, chaji usiku liishie 80 au 90, liegeshe kivulini ukipata, na 100 iache kwa siku ya safari ndefu. Wanaofanya hivyo betri zao zinakwenda vizuri hapahapa mjini.

Turudi kwenye vipande 12. Kipande cha kwanza hakipotei mpaka betri iwe imepungua kama asilimia 15. Vinavyofuata vinapotea kila inapopungua sita hivi. Kwa hiyo gari lenye vipande 12 linaweza kuwa na betri ya asilimia 98 au ya 86, na dashibodi inakuonyesha kitu kilekile.

Hapo ni kama muuzaji ni mwaminifu. Kuna vifaa vinavyofuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri. Ukishafuta, kompyuta inaamini betri ni mpya na vipande vyote vinarudi. Gari likitembea wiki kadhaa inajifunza upya ukweli, vinaanza kudondoka. Kuna mama mmoja wa Mbezi alinunua Leaf kwenye yadi fulani, vipande 12, akaondoka anamshukuru Mungu. Kabla masika hayajaisha vilikuwa 7. Aliponiita nikapima, betri ilikuwa chini ya nusu. Alikuwa amekopa SACCOS kazini kwao, na makato yanaendelea mpaka leo. Ndiyo maana nakusihi dada, usilipe hata shilingi ya kishika bei kabla hujapima kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kidude cha OBD2 cha Bluetooth, kinachosoma kompyuta ya gari, na programu inayoitwa Leaf Spy kwenye simu. Kidude unachomeka chini ya usukani, unawasha gari, unaunganisha. Angalia SOH, yaani afya ya betri kwa asilimia. Kisha fungua ukurasa wenye mistari 96 iliyosimama, kila mstari ni jozi ya seli. Mistari ikiwa imelingana vimo, vizuri. Ukiona mmoja au miwili iko chini ya wenzake waziwazi, hiyo ndiyo itakuzimisha barabarani: gari linapunguza nguvu na kuwasha taa yenye picha ya kobe wakati dashibodi bado inasema una chaji. Mistari hii ipime chaji ikiwa imeshuka, kwenye asilimia 20 au 30. Betri ikijaa, seli mbovu inajificha.

Njia ya pili naiamini zaidi, kwa sababu haisikilizi kompyuta. Endesha kilomita 20. Toka Kinondoni njoo Tegeta kwa Barabara ya Bagamoyo, mwendo wako wa kawaida, AC imewaka. Andika asilimia ukiondoka na asilimia ukifika. Leaf inatumia kama uniti 15 kwa kilomita 100, kwa hiyo kilomita 20 ni uniti 3 hivi. Betri nzuri itashuka asilimia 15 mpaka 19. Ikishuka 25 kwenda juu, hata vipande viwe 12, betri imekwisha. Kumbukumbu unaweza kuifuta, uniti zilizokwisha huwezi kuzirudisha.

Sasa linganisha na safari yako. Kilomita 50 ni uniti kama 7 na nusu, ongeza kilima cha Goba, mzunguko wa Makongo, na AC ya saa mbili tatu za foleni. Weka 10. Uzuri ni kwamba kwenye foleni mota haili kitu gari likisimama, inayokula ni AC peke yake. Betri yenye uniti 15 au 16 za kutumia inakutosha na inabakisha. Yenye 11 itakutesa, maana siku utakayopitia Kariakoo au kumkimbiza mtoto hospitali utakuwa unaangalia asilimia badala ya barabara.

Gharama: kwa tarifu ya T1, ile ya matumizi ya kawaida, uniti ni shilingi 292, ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA 3 na ya EWURA 1 inafika kama 356. Kutoka ukutani gari litavuta uniti 18 hivi kwa kilomita 100, kwa sababu nyingine zinapotea kama joto wakati wa kuchaji. Ni kama shilingi 6,400. IST kwenye foleni zetu inakula lita 8 kwa kilomita hizohizo, na petroli ikiwa 3,000 hiyo ni 24,000. Lakini kama nyumbani uko D1, ile ya uniti 75 za mwezi kwa shilingi 100 kabla ya makodi, ujue utatolewa humo. Safari za kazini peke yake ni uniti 200 kwa mwezi.

Uniambie na umeme wa kwako ukoje. Unakaa peke yako au mnachangia LUKU?


MamaMjimwema:

Nakubaliana na Fundi. Mimi nina ya uniti 30, natoka Kigamboni kupitia darajani kila siku na sijutii. Nyongeza yangu: lala chini uangalie tumbo la gari. Leaf iko chini na betri ndiyo imetangulia kukutana na mawe. Ukiona bati la chini limebonyea au limekwaruzwa sana, uliza liligonga nini. Njia ya kuingia kwangu ilikuwa na jiwe moja limejitokeza, nililipa vijana wakalichimba kabla gari halijafika.

Mvua ya kawaida haina shida, sanduku la betri limezibwa. Jangwani ikijaa sipiti, lakini hata na IST nilikuwa sipiti.

Redio itakusumbua. Ya Japani inaanzia FM 76 na inaishia njiani, nusu ya stesheni zetu hazishiki mpaka ufunge kile kikopo cha kubadilisha masafa. Na skrini imeandikwa Kijapani, hiyo utazoea tu. Wenye ya 30 kama mimi wajue kitu kimoja: kompyuta ya betri hiyo ilikuwa inasoma afya chini kuliko ilivyo, na Nissan ilitoa programu ya kurekebisha mwaka 2018. Kwa hiyo ya 30 yenye vipande vichache msiikimbie kabla ya kuiendesha.


BintiGoba:

Asanteni sana, nimesoma kila neno mara mbili. Fundi, hapa tupo wapangaji watatu na mita ya LUKU ni moja, tunachangia. Gari naegesha uani karibu na dirisha langu. Nilikuwa nimepanga kuvuta ekstensheni itokee dirishani. Umeme wetu jioni unakuwa mdogo, taa zinafifia. Na dalali anasema waya wa kuchajia upo, ulikuja na gari, ni kubadilisha plagi tu.


Fundi_Tegeta:

Dada, ekstensheni hapana. Nakuomba kabisa. Gari linavuta ampia 10 au zaidi bila kupumzika kwa saa tano sita, na soketi ya kawaida haikutengenezwa kwa kazi hiyo kila usiku. Nimebadilisha soketi zilizoyeyuka mpaka pini ikagandia ndani, na hizo zilikuwa za ukutani, siyo ekstensheni. Watu mnalala humo.

Waya wa Japani plagi yake ni ya volti 200 ya kwao. Usikubali mtu aikate na kufunga plagi yetu, hata kama amefanya hivyo kwa wateja wengine. Nunua waya uliotengenezwa kwa volti 230, wenye plagi ya pini tatu kwa ukutani na plagi ya aina ya Type 1 kwa upande wa gari. Tafuta wa kupunguza ampia, uwe unaweka 8 au 10. Bei yake iweke kwenye ile milioni 22, usiisahau.

Kisha laini ya peke yake: kebo ya milimita 4 kutoka kwenye kisanduku cha breka, breka yake ya ampia 20, kinga ya RCD inayokata umeme ukivuja, soketi ya nje yenye mfuniko wa mvua. Na ethi ya kweli. Nyumba nyingi za huko kwenu nimekuta waya wa ethi umefungwa kwenye soketi lakini ardhini hauendi popote. Kile kisanduku kwenye waya wa kuchajia kinapima, kikikosa ethi kinawasha taa nyekundu na gari halichaji. Kuna mafundi watakwambia wanaweza kukidanganya. Mtu huyo mfukuze. Gari liko uani, mtoto anacheza hapo, bodi ya chuma.

Umeme mdogo wa jioni: usichaji saa mbili, weka saa ya gari ianze saa sita usiku majirani wakiwa wamelala. Kwa ampia 10 betri inapata kama uniti 2 kwa saa, mpaka saa kumi na moja alfajiri umerudisha ulizotumia.

LUKU ya pamoja ndiyo ngumu kuliko betri. Uniti 200 kwa mita ya kuchangia italeta ugomvi mwezi wa kwanza tu, na wenzako watakuwa na haki. Hata kama sasa hivi mko D1 mtatolewa wote kwa sababu yako. Ongea na mwenye nyumba kabla hujanunua. Bora akukubalie uombe mita yako TANESCO. Akikataa, ufungiwe mita ndogo kwenye laini ya gari, uisome kila mwisho wa wiki mbele ya wenzako, na ulipe kwa bei ya T1. Muandikishiane. Asipokubali yote mawili, dada, subiri mpaka uhame. Vituo vya kuchajia mjini si vya kutegemea kila siku.


BintiGoba:

Nimerudi na majibu. Mwenye nyumba amekubali mita ndogo na tumeandikishiana, majirani wote wamesaini.

Jumamosi nilienda yadi na kaka yangu, kidude tuliazima. Ya 2013, vipande 12: Leaf Spy ikaandika SOH 97, nikafurahi. Tukaiendesha mpaka Tegeta. Tumeondoka na 90, tumefika na 61. Dalali akasema ni kwa sababu ya AC. Ya 2014, vipande 10: SOH 76, njia ileile, AC ileile, imetoka 85 ikafika 66. Tuliiacha ishuke mpaka 27, tukafungua ile mistari, imelingana yote isipokuwa mmoja uko chini kidogo sana, nimeupiga picha. Tumbo lina mikwaruzo ya kawaida, halijabonyea.


Fundi_Tegeta:

Umefanya kazi nzuri kuliko wengi wanaojiita mafundi wa haya magari.

Ya 2013 imeshuka 29 kwa uniti 3. Maana yake imebaki na uniti kama 10 tu, karibu nusu ya ilivyozaliwa. Betri ya namna hiyo haiwezi kuwa na SOH 97. Kumbukumbu imefutwa. AC ya nusu saa haili hata uniti moja, na zote mbili mmeziendesha na AC.

Ya 2014 imeshuka 19, uniti kama 16. Inaendana na vipande vyake na inaendana na SOH yake, mashahidi watatu wanasema jambo moja. Picha nimeiona, tofauti ya huo mstari ni ndogo. Upime tena baada ya miezi mitatu, uone kama unazidi kushuka.

Kwenye bei, usikubali ile ya sasa. Waonyeshe vipande 10 na kilomita 90,000, waambie betri ina robo pungufu. Ukipunguziwa hata milioni moja na nusu umepata waya, kebo, mita na kazi ya fundi. Kabla ya kulipa hakikisha kadi ya gari na risiti za ushuru vinalingana na namba ya chesesi uliyoisoma wewe mwenyewe kwenye gari, siyo kwenye karatasi.

Na lile la 2013, kaka yako akiwa na picha ya dashibodi ikionyesha 90 na 61, aziweke hapa na maelezo. Litauzwa kwa mtu mwingine wiki hii.